Kujifunza Muziki wa Kwetu Ugenini: Faida na Upungufu Wake

Katika makala haya twapenda kulipima jambo linalowahusu walimu wa lugha kuliko wanavyodhani. Kijana wa Kinyarwanda, tuseme mzaliwa wa Masaka katika Wilaya ya Kicukiro mjini Kigali, anakwenda Ulaya kufanya mazoezi ya kazi ili ajifunze utafiti wa muziki. Njia mojawapo humfikisha Tervuren, karibu na Brussels, kwenye makumbusho ya Afrika ya Kati, ambamo zimehifadhiwa sauti nyingi zilizonaswa Rwanda. Anavuka bahari kwenda kuisikiliza inanga ya babu yake. Je, safari hiyo ina faida?

Faida ipo, wala haifai kubezwa. Huko mwanafunzi hufundishwa kwamba sauti isiyoandikiwa jina la mpigaji, mahali na tarehe ni kelele tu iliyotunzwa vizuri. Hujifunza kuyanakili maneno ya wimbo, kupima ala na kulinganisha mapigo. Tena tukumbuke mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waimbaji wengi waliangamia pamoja na yale waliyoyajua. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi aliyeongoza taasisi ya utafiti ya Butare, aliuawa tarehe 7 Aprili mwaka huo. Kwa nyimbo kadha wa kadha, utepe wa ugenini ndio shahidi aliyebaki.

Hata hivyo, mafunzo hayo yana upungufu. Mwanafunzi hukabidhiwa mpango wa Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914, unaozigawa ala kwa kitu kinachotoa sauti: mwili wa ala wenyewe, ngozi, uzi au hewa. Mpango huo unasaidia kupanga rafu, lakini hautoshi kueleza maana. Kwa Kinyarwanda, ingoma ni ngoma, na ingoma ni utawala pia. Kalinga, ngoma ya wafalme, haikuwa ngozi iliyowambwa juu ya mti tu. Ilikuwa alama ya dola hadi ufalme ulipoondolewa mwaka 1961. Mtafiti akiishia kwenye ngozi, amepima kila kitu isipokuwa kile kilichowafanya watu waiheshimu.

Hapa ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapoguswa. Kitabu kikubwa cha Jos Gansemans juu ya ala za muziki za Rwanda, kilichotoka mwaka 1988, kimeandikwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi akirudi huandika ripoti yake kwa Kifaransa au Kiingereza, nasi tukitaka kumweleza jirani wa Tanga au Mombasa inanga ni nini, twaiita "zeze" na kujiona tumemaliza kazi. Hilo ni kosa. Zeze tunalolijua lina mpini na kibuyu. Inanga ni ubao uliochongwa mfano wa sinia refu, na kamba moja hupitishwa juu yake ikienda na kurudi mpaka zikapatikana nyuzi kadhaa. Heri kulipokea jina la inanga kama lilivyo, kuliko kulifunika kwa jina la ala nyingine. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda; heshima hiyo inatudai kazi.

Mwaka 2021 makumbusho ya Tervuren yaliikabidhi Rwanda nakala za sauti zaidi ya 4,000. Kwa hiyo swali la leo si tena kwamba sauti ziko wapi, bali nani atazisikiliza, na kwa masikio gani. Rai yetu ni hii: mazoezi ya ugenini yahesabiwe kuwa nusu ya masomo. Nusu ya pili ifanyike Masaka, katika seli za Rusheshe au Ayabaraya, mwanafunzi akiwasikilizisha wazee nakala hizo na kuwauliza wimbo uliimbwa lini, kwa ajili ya nani, na kwa nini ubeti fulani umerukwa. Majibu yao yaandikwe kwa Kinyarwanda, kisha yafasiriwe kwa Kiswahili safi.

Ugenini kijana amejifunza namna ya kuuliza. Majibu yamo vinywani mwa wazee, na wazee hawangoji.