Chapa ya Meno Juba: Bakuli au Skana?

Kuna pengo ambalo daktari wa meno wa Juba hukutana nalo tena na tena: meno ya mbele ya taya la chini, manne, wakati mwingine sita. Hayakuoza wala hayakuvunjika. Kwa mila ya Wadinka na Wanuer, yaling'olewa utotoni, punde baada ya meno ya utu uzima kujitokeza. Mwaka 2008 jarida la British Dental Journal lilichapisha habari za Wadinka na Wanuer waliohamia Marekani na kutaka kurudishiwa meno hayo. Haja hiyo ipo Juba pia, na kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana: meno ya juu yamechomoza mbele kwa kukosa ya kukabiliana nayo, na mfupa wa chini umekonda kama ukingo wa kisu. Kila tiba, iwe daraja, kipandikizi au meno ya kuvua, huanza na chapa. Je, ichukuliwe kwa bakuli au kwa skana?

Njia ya bakuli inajulikana. Unga wa alginati, unaotokana na mwani, huchanganywa na maji katika bakuli la mpira, hujazwa kwenye trei, na trei hukandamizwa mdomoni hadi ugande. Halafu hutolewa kwa mkupuo mmoja na kumiminiwa plasta. Adui wa kwanza ni joto. Kwa kadiri, maji yakipanda nyuzi 10, muda wa kuganda hupungua dakika nzima, na mwezi Machi joto la mchana Juba hupita nyuzi 37. Ukichota maji ya tangi la juu ya paa, mchanganyiko unaweza kukaza kabla trei haijatua kwenye meno. Maji ya friji huondoa tatizo hilo, mradi kopo la unga nalo limefungwa vizuri na halikai juani.

Adui wa pili ni muda. Alginati kwa sehemu kubwa ni maji: ukiiacha mezani inasinyaa, ukiiloweka inavimba. Ifungwe kwa kitambaa chenye unyevu na imiminiwe plasta ndani ya nusu saa. Kwa hiyo haisafiri. Kazi ikipelekwa maabara ya Kampala, kinachosafiri ni mfano wa plasta: kilomita 192 za lami hadi Nimule, barabara iliyokamilika mwaka 2012, kisha mpaka, kisha Gulu na kuendelea. Ncha ya jino ikimeguka njiani, fundi atatengeneza kitu kinachokaa sawasawa kwenye mfano na kisichokaa mdomoni.

Silikoni hustahimili safari kwa siku kadhaa bila kubadilika umbo, ila bei yake iko juu na ina sharti ambalo wengi hulisahau: salfa iliyomo kwenye glovu za lateksi huizuia kuganda. Anayeikanda kwa mkono avae za vinaili.

Skana si jambo la jana. Mfaransa François Duret alitoa wazo la chapa ya mwanga mwaka 1973, na mwaka 1985 huko Zurich, Werner Mörmann na Marco Brandestini walilifikisha kwenye kiti cha mgonjwa. Kichwa cha kifaa humulika, kamera hupiga picha ndogondogo mfululizo, na programu huziunga kwa kutafuta sehemu zinazofanana. Kila kiungo kina kosa dogo, na makosa hayo hujumlishwa kadiri unavyosogea. Ndiyo maana kwa jino moja au daraja fupi skana nzuri inalingana na silikoni, lakini kwa taya zima, kutoka gego la kulia hadi la kushoto, silikoni bado inaaminika zaidi.

Basi turudi kwenye pengo letu. Programu hupenda magego, kwa kuwa yana mabonde na vilima. Ufizi mtupu wa sentimita mbili, laini, wenye mate na ulimi unaopita juu yake, hauna alama ya kushika. Skana hupoteza njia, au mbaya zaidi, huunga pengo likiwa jembamba au pana kuliko lilivyo. Namna ya kulivuka ni hii: kausha ufizi kwa shashi, zuia ulimi kwa kioo, anzia magego ya upande mmoja, pita juu ya meno, rudi kwa upande wa ulimi, malizia upande wa shavu bila kuruka. Ikishindikana, madaktari wengine hudondosha vitone vidogo vya kompositi juu ya ufizi ili programu ipate alama. Kwa kipandikizi kazi huwa nyepesi zaidi, kwa sababu kifaa maalumu hufungwa juu yake na skana hukisoma hicho.

Faida kubwa ya skana kwa Juba naiona kwingine. Faili la makumi ya megabaiti halisinyai wala halimeguki mpakani. Mkongo wa faiba ulifika Juba kupitia Uganda mwaka 2020. Fundi wa Kampala anaweza kulifungua mgonjwa angali kitini, akasema ukingo wa jino fulani hauonekani, na daktari akarudia sehemu hiyo tu. Kwa plasta, kasoro hiyo hugunduliwa siku kadhaa baadaye, mgonjwa keshapanda gari kurudi Bor au Bentiu.

Lakini wengi hawataondoka na daraja wala kipandikizi. Wataondoka na meno ya kuvua ya akriliki, kwa sababu ndiyo wanayoyamudu. Hapo skana inashindwa kwa asili yake: inaona nyama zikiwa zimetulia, wala haizigusi. Ukingo wa meno ya kuvua unategemea mahali sakafu ya mdomo inapofika ulimi ukiinuliwa. Trei ikiwa mdomoni, mgonjwa huambiwa ainue ulimi, alambe midomo, ameze mate, na chapa huandika mienendo hiyo yote. Anayefanya kazi hii kwa skana peke yake anamtengenezea mgonjwa vidonda.

Umeme nao si wa kupuuzwa. Mtambo wa megawati 33 uliowashwa Juba mwaka 2019 umesaidia, ila skana na kompyuta yake havivumilii umeme unaopanda na kushuka. Kinga ya umeme na betri ya akiba ziingizwe kwenye bei tangu mwanzo.

Kliniki yenye madaraja na vipandikizi vya kutosha, na maabara ya kudumu nje ya nchi, inunue skana. Yenye meno ya kuvua kwa wingi ianze na trei bora, silikoni na friji. Na wewe unayetaka kununua, kabla hujalipa senti, muulize muuzaji jambo moja: je, faili linatoka katika muundo wa wazi wa STL bila ada ya kila mwaka? Akisita kujibu, tafuta mwingine.