Macho Kwanza, Dawa Baadaye

Kuku huficha ugonjwa wake hadi mwisho. Porini, ndege aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyetangulia kuliwa, na hata bandani wenzake humdonoa aliyelegea. Kwa hiyo ukimwona kuku amejitenga, manyoya yamefutuka, macho yamefumba nusu na shingo imezama kifuani, huenda ameugua tangu juzi au kabla ya hapo. Katika viunga vya Nakuru, kuanzia ploti za Kiamunyi na Lanet hadi vishamba vya Bahati, Njoro na Molo, wapo wafugaji, wengi wao akina mama, wanaomtambua kuku huyo kabla hajafika hali hiyo. Hakuna aliyewapa cheti. Mimi nimewatazama kwa muda mrefu wakiuguza kuku, na naiona kazi yao kuwa ufundi kamili, wenye hatua zake, mpangilio wake na mipaka yake.

Ufundi huo huanza alfajiri mlangoni mwa banda. Fundi ninayemfahamu zaidi ni nyanya mmoja wa Bahati ambaye kijiji kizima humwita Shosho. Hamwagi mahindi papo hapo. Hufungua mlango mdogo, akasimama kando, akawaacha kuku watoke mmoja mmoja huku akiwatazama. Nani amechelewa? Nani anaburuta bawa? Nani ametoka lakini hakutimkia chakula? Wakishatoka wote, huingia kukagua kinyesi kilichoanguka chini ya miti wanayolalia. Kinyesi cha kuku mzima hushikamana na huwa na utando mweupe juu. Kile cha kahawia kinachonata na kunuka, ambacho humtisha mfugaji mgeni, ni cha kawaida pia, maana kuku hukitoa mara chache kwa siku kutoka kwenye matumbo yake ya pembeni. Damu, majimaji ya kijani au rangi ya manjano inayorudi kila asubuhi ndiyo humfanya Shosho atafute mwenyewe ni nani.

Kisha humshika. Hamkimbizi uwanjani, kwa sababu kuku mgonjwa akikimbizwa anaweza kufa kwa kuishiwa pumzi. Hungoja giza liingie, akamwinua akiwa ametulia kwenye mti wa kulalia, akambana mabawa na kumkumbatia ubavuni. Hamning'inizi miguu juu. Mkono wake mwingine huanza kazi kidarini: mfupa wa kati ukichoma kiganja kama kisu, nyama imeisha na ugonjwa ni wa siku nyingi, kidari kikiwa kimejaa, ugonjwa ni mpya na matumaini ni makubwa. Hapimi homa kwa kiganja, maana joto la kawaida la kuku ni takriban nyuzi 41, na kila kuku huonekana ana homa kwa mkono wa binadamu. Hutazama upanga wa kichwani: uliopauka huelekea kwenye minyoo au wadudu wanyonyao damu, na uliogeuka kuwa wa zambarau huonyesha hewa au damu haizunguki vizuri. Hunusa pua. Hufungua mdomo, akainua mabawa, akafunua manyoya ya nyuma kutafuta chawa na utitiri, akamalizia kwa magamba ya miguu.

Kituo kimoja hakosi kukirudia, nacho ni gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Jioni gole huwa limejaa na alfajiri huwa tupu. Lililo gumu alfajiri limezibwa, mara nyingi na nyasi ndefu, uzi wa gunia au kipande cha plastiki. Hapo Shosho humnywesha maji ya uvuguvugu yenye matone ya mafuta ya kupikia, akalikanda polepole kwa vidole, akampumzisha, akarudia. Wapo wanaomgeuza kuku kichwa chini ili atapike. Yeye hafanyi hivyo, kwa kuwa majimaji hayo huweza kuingia mapafuni na kumuua kuku ambaye angepona.

Akishajua ni nani anayeumwa na wapi, humtenga. Boksi la katoni lenye matundu, maranda makavu ya mbao, kona isiyo na upepo wala kelele: hiyo ndiyo wodi. Kumtenga kuna faida mbili. Wenzake hawamdonoi na hawashiriki naye chombo cha maji, na mfugaji huona hasa kiasi alichokula na kinyesi alichotoa. Kuku huyo huhudumiwa wa mwisho, baada ya wazima, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla na baada, maana salmonela za kuku huweza kumpata mtu, na kideri huweza kuyafanya macho ya mtu yawe mekundu na kuwasha.

Baada ya hapo, joto. Nakuru mjini ni takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo ni zaidi ya 2,400. Usiku wa Julai huko juu kuku mgonjwa hutumia akiba yake yote kujipasha joto tu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso kuukuu na kuwekwa upande mmoja wa boksi humwondolea mzigo huo, na ule upande mwingine humpa nafasi ya kusogea akizidiwa. Jiko la makaa haliwekwi ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua kuku na watu.

Kisha maji, ambayo mafundi hawa huyapa nafasi kubwa kuliko chakula. Kuku aliyeishiwa maji hawezi kuyeyusha chakula, na dawa nyingi hupitia humo humo. Shosho huchovya ncha ya mdomo wa kuku majini na kungoja ainue kichwa ameze mwenyewe. Akishindwa, humdondoshea tone moja moja kando ya mdomo, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Habubujishi maji kooni, kwa sababu tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi. Aliyeharisha hupewa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja kwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kipimo kile kile cha mtoto anayeharisha. Chakula hufuata kikiwa laini: uji, ugali uliolowekwa, kiini cha yai la kuchemsha.

Ni hapo tu ndipo huwaza dawa, na kwa mengi ya magonjwa anayoyaona, yeye mwenyewe ndiye sehemu kubwa ya dawa. Chukua ndui ya kuku, inayoenezwa na mbu mvua zinapokaa. Ni kirusi, na hakuna kidonge cha kukiua. Vigaga huota upangani na usoni, na kuku wengi hupona wenyewe baada ya wiki chache. Wanaokufa, mara nyingi ni wale ambao macho yamevimba yakafunga, wakafa njaa kando ya chombo kilichojaa. Kwa hiyo Shosho hapasui vigaga. Huvipaka iodini, huosha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na humlisha kipofu huyo kwa mkono asubuhi na jioni hadi macho yafunguke. Sijaona kazi ya uuguzi yenye subira kuliko hiyo.

Au magamba ya miguu yanapoinuka na kuwa mazito kwa sababu ya utitiri wanaochimba chini yake. Wengine hukimbilia mafuta taa au mafuta machafu ya gari, ambayo huchoma ngozi. Mafundi hawa huloweka miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, husugua kwa mswaki mkuukuu, hukausha, kisha hupaka Vaseline nzito ili wadudu wakose hewa. Hurudia kwa wiki kadhaa hadi magamba mapya yatokee. Vaseline hiyo hiyo huwang'oa viroboto wanaojichomeka kuzunguka macho. Na jivu la kuni kwenye shimo kavu la mchanga huwapa kuku bafu la kujikinga na chawa.

Mshubiri nao haukosekani. Watu wengi wa Bonde la Ufa hukata majani yake na kuyaloweka kwenye maji ya kuku, na hilo si ushirikina: mwaka 2002 watafiti wa Afrika Mashariki walichapisha majaribio ya mshubiri aina ya Aloe secundiflora dhidi ya bakteria wa homa ya matumbo ya kuku, wakaona manufaa. Fundi, hata hivyo, hutazama chombo. Maji yakiwa machungu mno kuku huacha kunywa, na kuku mgonjwa asiyekunywa hudhoofika upesi.

Bakteria wa mafua yenye uso uliovimba na harufu mbaya, na vijidudu vya kuhara damu, huhitaji dawa ya duka. Hapo Shosho huenda kwa agroveti akiwa na maelezo, hasa kinyesi cha rangi gani, tangu lini, kuku wangapi, wa umri gani, kwa sababu dawa nyingi za kuhara damu hazitibu mafua na nyingi za mafua hazitibu kuhara damu. Humaliza siku zote za dozi zilizoandikwa, na mayai ya siku zile zilizokatazwa kwenye pakiti hayali wala hayauzi. Dozi ya nusu huwafunza bakteria kuizoea dawa, na dawa hizo ni ndugu wa zile tunazopewa hospitalini. Naye hubadilisha maranda yaliyolowa, kwa kuwa mayai ya vijidudu vya kuhara damu hukomaa kwenye unyevu.

Mpaka wa ufundi huu ni kideri, ambacho Watanzania hukiita mdondo na wataalamu hukiita Newcastle. Shingo hupinda, mabawa hulegea, kinyesi huwa cha kijani, na kundi ambalo halikuchanjwa huweza kuisha karibu lote. Hakuna tiba. Ubora wa fundi hapa ni kukubali haraka: kutouza waliobaki, kutowapeleka kwa jamaa, na kuwachoma au kuwazika chini sana waliokufa. Akikosa uhakika, Nakuru ina maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, ambako mzoga wa kuku aliyekufa karibuni, uliofungwa vizuri na kupozwa bila kugandishwa, hupasuliwa na chanzo hutafutwa.

Kinga ipo, nayo ni tone moja la chanjo jichoni. Aina ya I-2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Kikwazo ni kwamba kichupa kimoja huwa na dozi nyingi, na mama mmoja ana kuku wanane. Majirani wa Shosho hulitatua kwa kuchanga pesa, kupanga siku, na kupita boma kwa boma asubuhi moja kabla dawa iliyochanganywa haijaharibika. Kuku wa jirani akichanjwa, wangu wana ulinzi zaidi.

Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapo Njoro, na kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kinachozalisha kuku wa kienyeji walioboreshwa kiko Naivasha. Taasisi hizo zimeifanyia kazi mbegu ya kuku, na ni jambo jema. Ningependa maafisa wa mifugo wauheshimu vivyo hivyo mkono unaomuuguza kuku huyo, wawaite akina mama hawa kufundisha vijana, maana kuku bora zaidi duniani bado atahitaji mtu wa kumwona mapema. Nawe unayefuga watano au sita nyuma ya nyumba, anza leo jioni: papasa gole la kila kuku kabla ya kufunga banda, kisha papasa tena alfajiri kabla hujawapa chochote.