Kutoa Hewa Kwenye Pawa Stelingi: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Fundi wa pawa stelingi mpime kabla hajawasha injini. Kwenye Toyota za zamani, tuseme Mark II GX100, anayeijua kazi hupiga jeki, akaweka stendi, tairi za mbele zikabaki hewani. Kisha, injini ikiwa imezimwa, anakunja usukani polepole kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, tena na tena. Mapovu yanapanda kwenye kikopo cha oili, oili inashuka, anaongeza. Haachi mpaka mapovu yakome. Anayejaza na kupiga stata papo hapo anaipa pampu hewa na oili pamoja. Zikishavurugana, oili nyekundu inageuka povu la waridi, na hapo hakuna dawa ila kuzima gari na kuliacha litulie.

Oili nayo iangalie. Toyota nyingi za miaka hiyo zinatumia ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, ya Dexron II au III, na mara nyingi kifuniko chenyewe kimeandikwa. Honda ina oili yake. Fundi mwenye chupa moja kwa magari yote mimi simwachii gari langu.

Injini ikishawaka, usukani unakunjwa tena bila haraka, na ukifika mwisho haushikiliwi zaidi ya sekunde 2 au 3, maana hapo ndipo pampu inaposukuma kwa nguvu zote na oili kupata moto sana. Mlio kidogo kule mwisho ni wa kawaida. Gari likilalamika hata usukani ukiwa katikati, hewa bado imo.

Kipimo ninachokiamini kuliko sikio ni hiki: gari liko chini, injini ina moto na inanguruma taratibu, tia alama usawa wa oili. Zima, subiri dakika chache, tazama tena. Hewa iliyokuwa imebanwa inatanuka na kuipandisha oili. Mwongozo wa Toyota unaruhusu ipande milimita 5, si zaidi. Kazi nzuri kabisa haisogei hata kidogo.

Oili ikipanda zaidi ya hapo kila mara, usikubali kuambiwa pampu imekufa. Shika kwanza mpira unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu. Upande huo unavuta, kwa hiyo ukipasuka au klipu ikilegea unaweza kuingiza hewa bila kudondosha tone la oili, na fundi anayetafuta uvujaji chini ya gari hatauona.