Kuagana Ngomani: Namna Wapiga Muziki wa Kasulu na Kibondo Wafungavyo Usiku

Kiswahili kina methali ya mwanzo wa ngoma, nayo ni "Mwanzo wa ngoma ni lele." Kina methali pia ya ngoma iliyopita kiasi, isemayo "Ngoma ikivuma sana hupasuka." Lakini ngoma iliyokwisha vizuri, ikawaacha wachezaji waende kwao kwa amani, haikupewa sifa mashuhuri kama hizo. Upungufu huo si wa methali tu. Waonekana pia katika mazungumzo juu ya sherehe: watu husifu jinsi shughuli ilivyofunguliwa, hulaumu ilivyochafuka, na jinsi ilivyofungwa huachwa bila kupimwa. Makala haya yanakusudia kuipima.

Mahali pa kupimia ni nyanda za juu za Kigoma, katika Kasulu, nchi ya utawala wa zamani wa Heru, na Kibondo, nchi ya Muhambwe. Huko, kama katika miji mingine midogo ya Tanzania, arusi na sherehe huchezwa kwa muziki unaokodiwa. Mwenye muziki huja na spika zake, kompyuta mpakato, kipaza sauti na nyaya, na aghalabu jenereta, kwa kuwa miaka mingi umeme wa miji hiyo ulitoka katika mitambo ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kufika, na vijijini si kila uwanja wenye umeme hata leo. Zamani mtu huyo aliitwa mpiga santuri. Leo huitwa dijei, na santuri yenyewe haipo tena. Kazi yake imebaki ile ile: kuushika usiku wa watu wengine mkononi mwake, na saa ikifika kuurudisha kwa wenyewe.

Yafaa kwanza kutenga miisho miwili iliyomo katika arusi ya siku hizi. Mwisho wa kwanza ni wa shughuli. Keki imekatwa, chakula kimeliwa, zawadi zimetolewa, mzee wa upande mmoja amesema neno la shukrani na wa upande wa pili amejibu, na kiongozi wa dini amefunga kwa sala au dua. Mwisho huu una mwenyewe, una maneno yake, na kila mtu aujua. Ndipo mshereheshaji atangazapo kwamba muziki sasa ni wa wote, na wazee wengi huanza kuchukua njia. Mwisho wa pili ni wa muziki wenyewe, saa nane au saa tisa usiku, wakati mshereheshaji amechoka, kamati imetawanyika, na wenye arusi wameondoka. Mwisho huu hauna mzee wala sala. Umeachiwa kijana mmoja aliye nyuma ya meza, naye hakupewa maneno ya kuufungia.

Sanaa za Kiswahili hazikuwa maskini wa maneno hayo. Msimulizi wa hadithi humaliza kwa kuwagawia wasikilizaji uzuri wa kisa na kubaki yeye na ubaya wake. Kwa tendo hilo dogo huwatoa katika nchi ya majini na kuwarudisha barazani. Mtungaji wa utenzi haondoki kimya. Hujitaja, huomba radhi kwa makosa, huweka tarehe au hesabu ya beti. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi wake wa mwaka 1858, hakufunga mpaka ametaja idadi ya beti na mwaka wa kutunga. Maulidi nayo hayaishi ila kwa dua. Katika mifano yote hii mwisho ni sehemu ya kazi. Msikilizaji huambiwa waziwazi kwamba kazi imekwisha, na anayemwambia ni yule yule aliyeianza.

Wapiga muziki, kwa kukosa kanuni iliyoandikwa, wamejitengenezea njia tatu. Ya kwanza ni kukata. Wimbo huzimwa katikati ya ubeti, taa huwashwa, na nyaya huanza kukunjwa watu wakiwa bado wameinua mikono. Sababu zake zaeleweka: mafuta ya jenereta yamekwisha, saa iliyolipiwa imepita, au mwenye ukumbi amesimama mlangoni. Lakini hata sababu njema haiufanyi mwisho huo kuwa mwema. Kimya kinachoanguka ghafula juu ya watu waliochangamka hugeuka kelele mara moja. Kila mmoja hudai alichokuwa akikifurahia kama mali aliyonyang'anywa. Ugomvi wa mwisho wa sherehe aghalabu huzaliwa hapo, na lawama huangukia pombe peke yake.

Njia ya pili ni ya ahadi isiyotimizwa. Mwenye muziki hutangaza wimbo wa mwisho. Watu hukimbilia uwanjani. Wimbo ukiisha hutangaza tena wa mwisho, halafu wa mwisho kabisa, halafu wa mwisho wa mwisho. Njia hii inapendwa, kwa kuwa kila tangazo huamsha furaha mpya, na aliyekodi huona kwamba fedha yake imefanya kazi. Wako wawezao kuitetea kwa kusema kwamba huo ni mchezo unaojulikana na wote, nao ni utani, wala hakuna anayedanganywa. Utetezi huo una nguvu kwa wachezaji. Hauna nguvu kwa watu ambao neno lile ni ratiba yao: mama anayengoja vyombo viachwe avioshe, kijana wa bodaboda aliyeombwa kurudi kuchukua abiria, mzee aliyebaki kwenye kiti kwa ajili ya kuwasindikiza mabinti wa jirani kupanda kilima. Hao wanamwamini msemaji. Na neno "mwisho" likitumiwa mara nne kwa jambo lisilo mwisho, mara ya tano, ambayo ni ya kweli, halina tena uzito wa kumwondoa mtu uwanjani. Hapo mwenye muziki hulazimika kukata, na njia ya pili huishia katika ya kwanza.

Njia ya tatu ni kushusha. Mwenye muziki hodari huanza kufunga nusu saa au zaidi kabla ya mwisho bila kutangaza lolote. Kama watu walikuwa katika singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, hawaachi hapo juu wakaanguka. Huwateremsha kwa kwaito inayochezwa kwa mistari, ambamo kila mmoja humwona mwenzake. Kisha kwa bongofleva ya taratibu. Kisha kwa dansi ya zamani, zile ziitwazo zilipendwa, au rumba ya Kongo, ambayo masikio ya Kigoma yameizoea tangu zamani kwa kuwa ziwa ni moja. Sauti hupunguzwa kidogo kidogo, taa huongezwa. Anayecheza hapunguziwi furaha. Hubadilishiwa aina yake, kutoka furaha ya mwili kwenda furaha ya kumbukumbu. Wimbo wa mwisho unapofika, nusu ya watu wamekwisha kutafuta viatu na khanga zao kwa hiari.

Kwa upande wa muziki njia hii ya tatu ndiyo bora, na wengi wanaoijua kazi wameifikia kwa uzoefu. Lakini kwa upande wa lugha hata hiyo ina upungufu, kwa kuwa wengi huishusha ngoma vizuri kisha huifunga kwa maneno ya kuokota. Hapo husikika vipande vya Kiingereza vya redioni, jina la mwenye muziki likirudiwa kwa mwangwi wa mashine, na namba ya simu ya kumkodi. Biashara si aibu. Mtunzi wa utenzi naye alijitaja. Tofauti ni kwamba mtunzi alijitaja ili aombewe na asamehewe, akijiweka chini ya wasikilizaji wake. Mwenye muziki anayejitaja mara sita bila kumtaja mwenye arusi hata mara moja hujiweka juu yao, na usiku uliokuwa wa nyumba fulani hugeuka kuwa tangazo lake.

Kiswahili kimempa neno linaloweza kumwongoza. Kuaga ni tendo la mmoja: anayeondoka huomba ruhusa, naye hupewa. Kuagana ni tendo la wawili. Na neno hilo kuagana lina maana mbili, kupeana kwaheri na kupatana juu ya jambo. Ndipo lilipotoka agano. Kuziweka maana hizo mbili pamoja ni busara ya lugha. Watu wasiopatana hawaagani, hutengana tu. Basi anayetangaza wimbo wa mwisho anafanya agano na waliosimama mbele yake, na agano hilo likivunjwa, kwaheri nayo imevunjika.

Mwisho mwema, kwa kipimo hiki, wahitaji mambo machache. Neno la mwisho lisemwe mara moja, na liwe kweli. Litaje nyumba iliyoalika, kwa kuwa mgeni huondoka kwa mwenyeji wala haondoki kwa spika. Liwape watu nafasi ya kujibu, hata kwa vigelegele, maana bila jibu ni kuaga tu. Na liwakumbushe njia: katika vilima vile usiku ni wa baridi, masika utelezi wa udongo ni mwingi, na anayekwenda kwa miguu anahitaji mwenzake.

Kuhusu lugha ya kulisemea, Kasulu na Kibondo zina utajiri ambao haujatumiwa vya kutosha. Kiha ni lugha ya nyumbani, nacho kina udugu wa karibu na Kirundi, lugha iliyosikika pia katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Kiswahili ni lugha ya wote, wenyeji, watumishi waliohamia na wageni kutoka ng'ambo ya ziwa. Kumwaga mama mzazi kwa Kiha na umma kwa Kiswahili si kuvunja umoja wa taifa; ni kumpa kila mmoja heshima kwa mlango wake. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma waliimba "Leka Dutigite," wimbo wenye jina la Kiha, na nchi nzima ikaupokea. Kama Kiha chafaa kuimbiwa nchi nzima, chafaa pia kumwagia mzee mmoja wa Muhambwe.

Yabaki haki ya wasiokuwako. Sauti ya spika huvuka bonde hadi mgongo wa pili wa mlima, kwa mgonjwa, mwanafunzi na mkulima wa alfajiri. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zimetenga kiwango cha usiku na cha mchana, lakini sheria huweza kuzima tu, haiwezi kuagana. Afisa akija kufunga muziki, mwisho umekwisha kuwa wa kwanza katika zile njia tatu. Anayeweza kuwaridhisha jirani na mchezaji kwa pamoja ni mwenye muziki, naye huweza kwa kushusha mapema na kusema kweli.

Katika arusi za Tanzania kuna desturi ya kuvunja kamati, sherehe ndogo baada ya sherehe, ambapo waliochanga na kuhangaika huketi, hula, hutoa hesabu na kuachana rasmi. Desturi hiyo yathibitisha kwamba watu hawaridhiki na jambo lililokoma tu. Hutaka likomeshwe, kwa maneno na mbele ya macho. Kamati imepata mwisho wake. Mwisho wa muziki ungali ukingoja wake.