Kochi Linapobanduka: Ngozi, Leza au Kitambaa?

Ukipita kwenye karakana za Keko jijini Dar es Salaam, au kando ya Ngong Road jijini Nairobi, utaona makochi yaliyorudishwa kwa mafundi yakiwa na ugonjwa mmoja. Fremu ni nzima, sponji bado inasukuma, lakini juu kochi limetoka magamba. Mwenye nalo anamwambia fundi kwamba ngozi imechakaa, kisha anauliza: niweke ngozi nyingine au safari hii nihamie kwenye kitambaa? Jibu limo ndani ya kochi alilolileta, na ndiyo maana inafaa tulifungue kwanza.

Lipindue kochi la watu watatu la namna hiyo. Chini kuna kitambaa cheusi chembamba kilichopigwa pini za stepla. Ng'oa pini za upande mmoja, utaona mikanda ya mpira iliyobeba viti, mbao za fremu, na ncha za kifuniko cha juu zilizokunjwa na kupigiliwa kwenye mbao. Zitazame ncha hizo kwa makini. Ngozi halisi ikikatwa, ukingo wake unaonyesha nyuzi zilizosongamana huku na huku bila mpangilio, na upande wa nyuma una nyuzinyuzi laini. Kwenye kochi letu hali ni nyingine kabisa: juu kuna utando mwembamba wa plastiki uliogandamizwa alama za vinyweleo vya ng'ombe, na chini yake kuna kitambaa cha polista kilichofumwa. Ni leza, yaani ngozi ya bandia. Mwenye kochi amekuwa akikalia kitambaa tangu siku ya kwanza, kitambaa kilichopakwa plastiki, na kilichobanduka ni ile plastiki.

Kwa hiyo mtu huyu hajawahi kuchagua kati ya ngozi na kitambaa. Kwa makochi mengi ya mjini, ndivyo ilivyo.

Utando huo kwa kawaida ni poliyuretani, ambayo wauzaji huiita PU. Adui yake mkubwa ni maji, hasa yale yaliyomo hewani. Mvuke hupenya taratibu na kukata minyororo ya molekuli inayoushika utando. Wanakemia huuita mchakato huo haidrolisisi. Joto huuharakisha, na jasho na mafuta ya mwili huuongezea nguvu. Ndiyo maana magamba huanzia mahali palepale kila mara: pale kichwa kinapoegemea na kuacha mafuta ya nywele, juu ya mikono ya kochi, na kwenye ukingo wa kiti unaoguswa na mapaja. Mgongo wa kochi unaotazama ukuta hubaki safi muda mrefu zaidi, lakini nao haujapona. Haidrolisisi haisubiri kochi likaliwe. Viatu vya soli ya poliyuretani vilivyotunzwa kabatini miaka kadhaa huachia soli siku ya kwanza ya kuvaliwa kwa sababu hiyohiyo. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako unyevu wa hewa mara nyingi huvuka asilimia 70 na joto halipungui, ni mazingira mabaya mno kwa utando wa aina hii.

Kuna leza nyingine, ya PVC. Hii haivunjwi na unyevu kwa namna hiyo. Tatizo lake ni kwamba ulaini wake unatokana na kemikali zilizochanganywa ndani, na kemikali hizo hutoka polepole, hasa juani, hadi utando ukauke, ukakamae na kupasuka kwenye mikunjo. Pia hauvuti jasho, kwa hiyo mwezi Februari ukiinuka unajisikia umenata. Hata hivyo PVC ina mahali pake. Kwenye benchi la zahanati, saluni au mgahawa, ambako kila siku sehemu ya kukalia inapanguswa kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, ningeichagua kabla ya ngozi na kabla ya kitambaa.

Kisichostahili nafasi sebuleni ni ile bidhaa ya unga wa mabaki ya ngozi uliochanganywa na gundi, ukatandazwa juu ya kitambaa na kufunikwa poliyuretani. Muuzaji akisema ina ngozi ndani, hadanganyi. Lakini ngozi iliyosagwa imepoteza zile nyuzi ndefu zilizokuwa nguvu yake, na bidhaa hiyo hubanduka sawa na leza nyingine.

Tuje kwenye ngozi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe hupasuliwa kiwandani katika matabaka. Tabaka la juu, lenye vinyweleo, ndilo imara. La chini ni dhaifu na mara nyingi hupakwa plastiki ili lifanane na la juu. Ngozi ya kochi huwa na unene wa takriban milimita 1 hadi 1.4. Ubora wake hutegemea pia rangi ilivyotiwa. Kuna ngozi iliyopenyezwa rangi tu, laini na yenye uzuri wa asili, ila ukiidondoshea tone la maji inalinywa na kuacha doa. Kuna iliyopakwa rangi ya juu, ambayo tone hukaa juu yake hadi ulifute. Nyumba yenye watoto ichukue hii ya pili bila kusita, hata kama ile ya kwanza inapendeza zaidi mkononi.

Namna ngozi inavyouzwa inatoa siri ambayo mnunuzi anaweza kuitumia bila utaalamu wowote. Kitambaa na leza huja kwenye roli lenye upana wa takriban sentimita 140, na fundi hununua kwa mita. Ngozi huuzwa kwa futi za mraba, kipande kizima chenye umbo la mnyama, na shingo, tumbo na miguu yake. Fundi akikwambia kochi lako la ngozi litakula mita 13, umeshajua ni leza. Kochi la watu watatu linahitaji ngozi nzima 4 au 5, na sehemu kubwa inapotea, kwa sababu tumbo linavutika mno, na makovu ya kupe, miiba na chapa za moto lazima yakwepwe wakati wa kukata. Hapo ndipo gharama inapotoka. Baadhi ya viwanda hupunguza gharama hiyo kwa kuweka ngozi pale tu mwili unapogusa na kumalizia ubavuni na mgongoni kwa PVC. Si wizi mteja akiambiwa.

Ushonaji nao ni tofauti. Tundu la sindano kwenye ngozi halifungi tena, hivyo mshono uliokosewa haufumuliki bila kuacha alama, na mishono iliyobanana mno hugeuka mstari wa kuchanikia. Fundi mzuri hulegeza hatua ya mshono na kutumia uzi mnene wa nailoni au polista. Jambo ninalolikazia zaidi ni pumzi ya mto. Mtu akikaa, hewa iliyomo ndani ya sponji lazima itoke. Kitambaa huipitisha, ngozi na leza haziipitishi. Ikiwa mto umezungushiwa ngozi pande zote, hewa hujilazimisha kupita kwenye matundu ya sindano, na baada ya muda pembe za mto zinafumuka. Dawa yake ni upande wa chini wa mto kuwekwa kitambaa. Ukikuta mto wa leza usio na kitambaa chini wala matundu ya hewa, kazi hiyo imefanywa kwa haraka.

Kwa upande wa kitambaa, watu huangalia rangi na kusahau ufumaji. Uimara wa kitambaa cha kochi hupimwa kwa mashine ya Martindale, ambayo hukisugua kwa sufu chini ya uzito hadi nyuzi zianze kukatika. Kwa sebule inayotumika kila siku, misuguo 20,000 hadi 25,000 inatosha vizuri. Ofisi na hoteli hutaka 30,000 na zaidi. Namba hiyo huandikwa kwenye vitabu vya sampuli vya maduka makubwa. Kama haipo, kitazame kitambaa kinyume na mwanga: mwanga ukipenya kirahisi kati ya nyuzi, kitalegea. Kisha kikwaruze kwa ukucha uone kama nyuzi zinasogea.

Velveti inahitaji jicho la ziada. Manyoya yake yanalala upande mmoja, na upande huo lazima uwe uleule kwenye kochi zima: kutoka juu kwenda chini mgongoni, kutoka nyuma kuja mbele kwenye kiti. Fundi anayetaka kubana kitambaa hugeuza vipande vichache ili viingie kwenye mabaki, na kochi likifika sebuleni mito miwili inaonekana kijani na mmoja kijani iliyofifia, ingawa yote imetoka roli moja. Hakuna njia ya kurekebisha ila kukata upya.

Wapo wanaoona kitambaa kuwa chaguo la asiyekuwa na uwezo. Historia ya magari inasema vingine. Katika magari ya kifahari ya mwanzoni mwa karne ya 20, dereva aliyepigwa na mvua na vumbi alikaa kwenye ngozi, na tajiri nyuma alikaa kwenye kitambaa laini. Hadi leo Toyota Century, gari la wakubwa wa Japani, linajulikana kwa viti vya kitambaa cha sufu, kwa sababu ngozi hulia mtu anapojigeuza na sufu hunyamaza.

Hukumu yangu kwa pwani ni kitambaa: polista iliyofumwa kwa kubana au mchanganyiko wake, mito yenye zipu ili kifuniko kivuliwe na kufuliwa, na kama ni pamba, ifuliwe kabla ya kukatwa kwa sababu hunywea. Ngozi halisi pwani hupata ukungu nyumba ikifungwa wiki chache wakati wa masika. Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi, mwenye uwezo wa ngozi ya tabaka la juu ainunue, aiweke mbali na dirisha linalopigwa na jua, na aifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo bila spiriti wala dawa ya viatu. Mwenye paka asichukue ngozi wala kitambaa chenye vitanzi; velveti iliyobana humkatisha tamaa paka kwa sababu kucha hazipati pa kushika. Leza ya PU siipendekezi kwa sebule yoyote, na mahali ambapo bajeti imebana siipendekezi hata kidogo, kwa maana ni mwenye bajeti ndogo atakayeshindwa kulipia kazi hiyo mara ya pili.

Kabla hujatoa pesa ya awali, mwombe fundi kipande cha kitu atakachotumia, kisha ukigeuze nyuma na uutazame ukingo wake. Mwambie aandike jina la kitu hicho kwenye risiti: ngozi, leza au kitambaa. Akikataa kuandika, nenda karakana ya jirani.