Kivuli cha Melbourne: Walihesabu Kabla ya Kuchimba Mashimo

Barabara ya lami isiyo na mti humchoma mpita njia mara mbili: jua la utosini, na joto linalopanda kutoka chini. Ingia chini ya mwembe uliokomaa, utapumua. Matawi yake yamezuia miale isifike chini, na majani yanatoa maji yanayogeuka mvuke na kuondoka na joto. Ila mti wenye kiu hufunga vitundu vya majani yake ili usikauke. Mvuke ukikoma, sehemu ya kazi yake ya kupoza imepotea, hata kama mti bado umesimama.

Jiji la Melbourne, Australia, lilijifunza hayo kwa machungu. Ukame wa muda mrefu uliokwisha mwaka 2009 ulilazimisha umwagiliaji kubanwa, na miti mikubwa ya elmu, mingi ya karne ya 19, ikadhoofika. Mwishoni mwa Januari 2009 joto lilipita nyuzi 43 kwa siku tatu mfululizo. Katika jimbo la Victoria, wimbi hilo la joto liliambatana na vifo 374 zaidi ya idadi ya kawaida.

Halmashauri haikukimbilia jembe. Ilikuwa na miti ipatayo 70,000 ya kutunza, ikaanza kwa kupima afya yake na kukadiria umri uliobaki. Majibu yalitisha: asilimia 23 ingefikia ukomo ndani ya miaka 10, na asilimia 39 ndani ya miaka 20. Mkakati wa 2012 ukaweka lengo: kivuli cha matawi katika maeneo ya umma kiongezeke kutoka asilimia 22 hadi 40 ifikapo 2040.

Utekelezaji ulisimama juu ya nguzo tatu. Kwanza, mchanganyiko: spishi moja isizidi asilimia 5 ya miti yote, jenasi moja asilimia 10, familia moja asilimia 20, ili ugonjwa mmoja usifyeke mtaa mzima. Pili, mahali: ramani za joto zilionyesha mitaa inayoungua zaidi, na mitaa hiyo ikapewa kipaumbele. Tatu, maji: mvua iliyokuwa ikipotelea kwenye mitaro ilianza kuvunwa, kama katika bustani ya Fitzroy, ambako husafishwa, huhifadhiwa chini ya ardhi, kisha hunyweshwa miti.

Kwangu mimi, nguzo ya tatu ndiyo inayobeba nyingine. Udhaifu wa mpango ni kwamba asilimia 40 inahusu ardhi ya umma tu. Mti ulio ndani ya kiwanja cha mtu ukikatwa kupisha jengo, kivuli chake hakimo katika hesabu hiyo.

Mtaani kwetu miche ya mwarobaini ilipandwa kwa ngoma na picha. Kufikia kiangazi, mmoja ulio mbele ya nyumba yetu ulikuwa kijiti kikavu ndani ya kizimba cha miti, udongo umepasuka kuuzunguka. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kuumwagilia. Tunaweza kuanza na hilo: kabla ya mche kutoka kitaluni, liandikwe jina la atakayeumwagilia na mahali atakapochota maji, mpaka mizizi yake iweze kujitafutia yenyewe.