Sifa ya Sikio Lenye Subira

Katika sanaa zote zinazosifiwa na watu, iliyo haba kutajwa ni sanaa ya kusikiliza. Mpigaji hushangiliwa, mtunzi huandikwa jina, mwimbaji hutunzwa. Lakini msikilizaji hudhaniwa kuwa ni mtu aliyekaa tu, asiye na kazi ila kupokea apewacho. Dhana hiyo labda husalimika mbele ya nyimbo nyepesi, ambazo hujitambulisha zenyewe kabla ya ubeti wa pili kuanza. Haisalimiki hata kidogo mbele ya baadhi ya albamu za muziki wa roki za miaka ya 1960 na 1970, ambazo zikisikiwa kwa mara ya kwanza huwa karibu na ugomvi kuliko muziki.

Iliyo mashuhuri kwa ugumu miongoni mwa hizo ni Trout Mask Replica, iliyotolewa Marekani mwaka 1969 na Don Van Vliet, aliyejiita Captain Beefheart, pamoja na kundi lake la Magic Band. Ni santuri mbili zenye vipande 28, vinavyochukua karibu dakika 80. Mwenye kuipiga kwa mara ya kwanza husikia magitaa mawili yakishika kila moja njia yake, besi isiyoandamana na lolote kati ya hayo, ngoma zijikwaazo na kuinuka, na juu ya yote sauti nzito ya kukwaruza ikighani maneno yenye maana ya mbali. Aghalabu hukata shauri upesi kwamba watu hawa ama hawajui kupiga, ama wanajua lakini wanamfanyia dhihaka. Matt Groening, mchoraji aliyebuni The Simpsons, amepata kusimulia kwamba alipoisikia katika ujana wake aliiona kuwa ni kitu kibaya kuliko vyote alivyopata kusikia. Akairudia mara kadhaa, na mwisho akaihesabu kuwa albamu bora kuliko zote.

Ni kitu gani kilichobadilika, ilhali santuri ilikuwa ile ile? Jibu limo katika namna kazi yenyewe ilivyofanywa. Van Vliet alitunga sehemu kubwa ya muziki huo kwa piano, chombo ambacho hakujifunza kukipiga. Na mpiga ngoma wake, John French, ndiye aliyeyasikiliza yale yaliyotoka vidoleni, akayaandika kwa noti, akamfundisha kila mpigaji fungu lake. Walijizoeza kwa miezi mingi ndani ya nyumba moja ya Woodland Hills, katika Los Angeles, hata walipoingia studio, chini ya usimamizi wa mwanamuziki Frank Zappa, waliweza kurekodi sehemu kubwa ya muziki wa ala kwa muda wa saa sita hivi. Kilichodhaniwa kuwa fujo kilikuwa kimehifadhiwa kwa moyo, pigo kwa pigo. Haifai kuficha, hata hivyo, kwamba wapigaji hao wamesimulia baadaye habari za njaa na uonevu katika nyumba ile, na kwamba jina la French halikuandikwa juu ya jalada la kwanza. Kusifu kazi si kusifu jinsi watenda kazi walivyotendewa.

Basi ufundi wa msikilizaji huanza pale anapoacha kuvidai vyote kwa pamoja. Na alifuate gitaa moja peke yake tangu mwanzo wa kipande hadi mwisho, alijue kama ajuavyo sauti ya jirani yake ukumbini, kisha ndipo aliendee la pili. Hapo atatambua kwamba kila ala ina kifungu chake kifupi cha lahani, kinachorudiwa kabla ya kupisha kingine, na kwamba vifungu hivyo havilingani urefu: chenye mapigo matatu kikienda sambamba na chenye mapigo manne, havikutani tena mwanzoni ila baada ya mapigo kumi na mawili, na sikio lisilongojea makutano hayo hukiona kila kitu kuwa ni kupotea njia. Aanze na “Moonlight on Vermont”, iliyo karibu zaidi na roki ya kawaida; apumzike katika “Orange Claw Hammer”, ambamo mwimbaji hana ala yoyote, naye husimulia habari za baharia mzee anayekutana na bintiye; na humo atasikia dhahiri kwamba mzizi wa mambo yote haya ni bluzi ya watu weusi wa kusini mwa Marekani.

Huenda mtu akapinga kwamba lolote likirudiwa sana huzoeleka, na kwamba mazoea si ushahidi wa uzuri. Pingamizi hilo lina haki yake, lakini mazoea ni ya namna mbili. Wimbo dhaifu, kadiri uzoelekavyo ndivyo upunguavyo, kwa kuwa ulikwisha toa ulichokuwa nacho. Kazi iliyotungwa kwa akili nyingi huongezeka, maana kila kifungu kinachoingia katika kumbukumbu hufichua kingine kilichokuwa nyuma yake. Tena si kila ugumu ni wa jinsi moja: albamu Metal Machine Music ya mwanamuziki Lou Reed, ya mwaka 1975, ni mvumo wa magitaa unaozidi saa nzima, usio na lahani ya kushika wala wizani wa kuhesabu, na mwenye kuipenda hana budi kuipenda kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa hiyo subira ninayoisifu haimlazimishi mtu kupenda. Msikilizaji aliyefuata kila ala, akahesabu mapigo, akaujua mpango wa kazi, kisha akasema haimpendezi, ametoa hukumu yenye thamani sawa na ya ashangiliaye, na pengine kuizidi, kwa kuwa ajua kwa yakini ni kitu gani anachokikataa. Wala hatoki mikono mitupu: sikio lililokwisha kujizoeza kutenga ala tano zinazopingana halirudi kuwa lilivyokuwa, na hata katika wimbo mwepesi alioupenda tangu utotoni litamwonyesha besi ambayo hakupata kuisikia.